Tupeane uzoefu: mtu uliyemweka mkiani kwenye Tekken, halafu akakubadilisha mawazo

Mwembechai (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wikiendi hii nimewakuta wadogo zangu wanabishana juu ya Tekken 8, ile gemu ya kupigana. Wana orodha ya wapiganaji kwenye simu, daraja la S (la juu kabisa), A, B mpaka D, wanasomeana kama matokeo ya mtihani. Mmoja anataka kumwacha mtu wake aliyemzoea tangu mwanzo kwa sababu tu kaandikwa daraja la C. Roho iliniuma, nikakumbuka orodha yetu ya zamani.

Kibanda kilikuwa Magomeni Mwembechai, mwaka 2002, mimi niko darasa la tano. TV mbili za chogo, PlayStation moja imelazwa kichwa chini kwa sababu lenzi ilishachoka, ikikaa sawa haisomi CD. Gemu ni Tekken 3. Mechi shilingi 50, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha anayefuata. Kwenye ubao wa mlangoni tuliandika kwa chaki nani mkali na nani si mkali. Juu kabisa Eddy, kisha Jin, Hwoarang, Paul, Law. Mkiani King, Gun Jack, Xiaoyu na Kuma.

Eddy alikuwa juu kwa sababu moja: hatukuwa na dawa yake. Mbrazili yule anapigana kwa capoeira, na hata mtu aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza akibonyeza X na O tu, vitufe vya mateke, anaonekana fundi. Ukikinga umesimama, anakupiga chini. Ukichuchumaa, anakupiga katikati. Na ndiyo kanuni yenyewe ya Tekken: pigo la juu linampita aliyechuchumaa, la katikati linamkuta, la chini linampata aliyesimama. Sisi hatukuwa na maneno ya kulieleza hilo, tulikuwa tunaona tu hamsini zetu zinakwisha. Ikafika mahali Eddy akapigwa marufuku siku za Jumamosi.

Miaka mitano baadaye nikaja kugundua kwamba mateke yake mengi yanachukua muda kufika. Ngumi fupi ya mkono wa kushoto inayawahi. Kumbe ule ubao ulikuwa unaandika yale tusiyoyaweza sisi watoto wa Mwembechai, wala haukuwa unampima Eddy.

Mtu aliyenifundisha hilo vizuri zaidi ni konda mmoja wa daladala ya Ubungo–Kariakoo. Kibanda kilishanunua PlayStation 2, tunacheza Tekken 5, chaki imeandikwa upya: Steve Fox, yule bondia wa Uingereza asiyepiga mateke, yuko juu pamoja na Bryan na Devil Jin. King bado yuko mkiani. Konda akaingia mchana, gari lao liko gereji, akamchukua King. Akakaa kwenye kiti mpaka usiku.

Hakuna aliyemtoa. Alikuwa anakamata. Anakukamata mara moja, anakunyanyua, kabla hujagusa chini ameunganisha mkamato mwingine, na mwingine. Sisi tulikuwa hatujui kwamba aliyekamatwa anaweza kujichomoa. Miaka yote tumemweka King mkiani kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekaa chini akamsoma.

Leteni visa vyenu, wakuu. Siombi orodha. Nani ulimdharau, na nani alikuonyesha ulikosea?

Mtoto wa Mbagala

Paul Phoenix.

Kwetu Rangi Tatu tulisema Paul ana ngumi moja tu. Unabonyeza chini, mshazari, mbele, pembetatu, basi. Binamu yangu alikuwa ananifunga kwa hiyohiyo ngumi kila siku, na mimi kila siku nasema hajui kucheza.

Siku moja nikakaa pembeni nikamtazama akicheza na mwingine. Ngumi anayo, lakini haitoi ovyo. Anasubiri mwenzake arushe teke likose, ndipo anaiachia. Ukiikinga, Paul anabaki wazi na unaweza kumpiga bure, kwa hiyo anayeitupa hovyo anajimaliza. Binamu alikuwa haitupi hovyo. Tangu siku hiyo nimeacha kusema fulani ana pigo moja. Pigo moja linalokuja wakati wake linatosha kumaliza raundi.

Dada wa Hananasif

Mleta mada, umemweka Xiaoyu mkiani. Ngoja niseme.

Mimi nimekulia Kinondoni na kaka watatu. Kuchagua mtu ilikuwa kwa umri, mkubwa kwanza. Mimi wa mwisho naambiwa, "Chukua yule mtoto wa Kichina, wewe ni msichana." Sikumpenda, nililazimishwa.

Xiaoyu ni mwepesi, mapigo yake hayatoi damu nyingi. Ukimcheza kama Jin utafungwa na kila mtu. Lakini ana mkao ule wa kujibana chini kabisa, na ngumi za juu zote zinampita kichwani. Kaka yangu wa pili alikuwa anapenda kuanza na ngumi mbili za haraka. Akianza, mimi niko chini. Akimaliza, nainuka naye. Na pia Xiaoyu anaweza kukupa mgongo akapigana hivyohivyo, na mtu anayeona mgongo anadhani umekosea, anakuja mbio. Hapo ndipo ninapompata.

Ilinichukua likizo moja nzima ya Desemba. Kaka mkubwa aliponipa pedi ya kwanza, ile isiyo na waya uliokatika, nilijua nimefika. Hakusema chochote, alinipa tu.

Nasema haya kwa sababu wasichana wengi hapa Dar wanapewa mtu wa kuchezea badala ya kuchagua, halafu wanaambiwa hawajui. Jirani zetu Kenya wana Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa Tekken hiihii. Nilipomsoma habari zake nilikaa kimya dakika nzima. Nilitamani kaka zangu wa wakati ule wangeisoma.

Pedi Moja

Mimi nilikuwa mwenye kibanda, Tandika, 2004 mpaka 2011. Nawaletea upande wa pili.

Nilikuwa najua mtu gani anapendwa bila kuangalia TV. Nafungua pedi Jumatatu asubuhi, naangalia raba za ndani. Raba za X na O zikiwa zimekwisha na za mraba na pembetatu bado nzima, wiki hiyo ni ya Eddy na Hwoarang. Mraba na pembetatu zikianza kuisha, ujue vijana wameanza kukomaa, wanapiga ngumi, wanakamata. Raba nilikuwa nanunua Kariakoo, nyingine natoa kwenye pedi zilizokufa.

Na mimi niliwahi kumpiga Eddy marufuku, wateja wakubwa walilalamika. Nikajuta. Watoto waliokuwa wanakuja na shilingi mia yao moja walikuwa wanamchukua Eddy ili wapate walau raundi mbili na vijana wa sekondari. Nilipomfungia Eddy, watoto wale waliacha kuja. Nilimrudisha baada ya mwezi, nikawaambia wakubwa wajifunze kumkinga. Walijifunza ndani ya wiki mbili tu.

Kwa hiyo mkiorodhesha watu, muwekeeni Eddy heshima yake: ndiye aliyewaingiza wengi kwenye huu mchezo.

Mwembechai (mleta mada)

Pedi Moja, kaka, hapo kwenye raba umenigusa. Nilikuwa mmoja wa wale watoto wa mia moja.

Fundi wa Sinza

Kitu kimoja hakijasemwa: TV.

Nilikuwa naamini Bryan Fury hafai kwa mapigo ya chini. Ana teke moja refu la kufagia, linakuja taratibu, karibu nusu sekunde. Gemu inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, kwa hiyo mtu mwenye jicho analiona, anachuchumaa, analikinga, kisha anamwadhibu Bryan vibaya sana. Kwenye TV ya chogo nyumbani nilikuwa nalikinga mara tisa kati ya kumi.

Nikaenda sehemu moja ya gemu, TV bapa kubwa ukutani, kioo kinang'aa. Nikalipokea teke lile mechi nzima. Nilirudi nyumbani na hasira, nikasema macho yameisha. Baadaye nikaelewa kwamba TV zile zinachelewesha picha kidogo zikiwa zinaing'arisha. Ukiondoa fremu nne au tano kwenye teke la nusu sekunde, unabakiwa na muda mdogo wa kuamua. Siku hizi nikifika mahali pageni naomba kwanza waweke TV kwenye hali ya gemu kama inayo.

Mtandaoni ni vilevile. Ukiwa Sinza unacheza na mtu wa mbali, laini inasuasua, watu wenye mapigo ya chini ya ghafla wanapanda daraja, na wale wanaotegemea kuona na kujibu wanashuka. Kabla hujamshusha mtu, jiulize umemchezea wapi.

Kijana wa Kimara

Heshima kwenu wakubwa. Mimi ni wa Tekken 7 na 8, na kwa hili natofautiana nanyi kidogo. Kuna wakati orodha inasema kweli.

Leroy Smith, mpiganaji mpya wa Tekken 7, alipotoka Desemba 2019, mimi nilikuwa nasema watu wanalalamika bure, wajifunze. Januari 2020 kwenye EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, kati ya wanane wa mwisho, sita walikuwa na Leroy. Bingwa, Book wa Thailand, naye alikuwa na Leroy. Hapo hakuna cha kujifunza, waliotengeneza gemu wenyewe walikuja kumpunguza nguvu. Na kabla yenu huko, kwenye gemu nyingine ya kupigana, Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994, mpiganaji mmoja, Akuma, alikuwa haruhusiwi mashindanoni. Wachezaji wazima na akili zao walikaa wakaona huyu hapana.

Mimi niliyemdharau ni Nina. Anataka vidole vyepesi, nikamwacha. Mwaka 2024 Arslan Ash wa Pakistan akachukua EVO ya Tekken 8 akimchezea Nina. Nimerudi kwake, mwezi wa nne sasa. Bado nafungwa lakini simwachi.

Dada wa Hananasif

Mdogo wangu wa Kimara, wa Leroy nakukubalia kabisa. Lakini huyo Arslan uliyemtaja anatetea upande wa mleta mada. Mwaka 2019 alishinda EVO Japan halafu EVO ya Las Vegas, mwaka mmoja, na wengi walikuwa hawajawahi kumsikia. Alisema wazi kwamba kwao wapo wengi wakali kama yeye. Dunia ilikuwa imepanga watu kwa kutazama Korea na Japani, vibanda vya Lahore havikuwa kwenye hesabu. Hata Knee, gwiji wa Korea Kusini, alifunga safari kwenda Pakistan kucheza nao.

Mimi nikisoma hayo nawaza Tandika, Mbagala, Manzese.

Kijana wa Kimara

Kweli dada. Sikuwahi kuliangalia hivyo.

Mleta mada, swali: yule konda mlimfunga?

Mwembechai (mleta mada)

Siku ile hapana. Umeme ulikatika saa moja na nusu usiku, ndio ukamtoa.

Alirudi wiki iliyofuata, safari hii amekuja kwa miguu, sare imekunjwa kwenye mfuko. Nikamwomba nikae naye nisicheze, nimtazame. Akaniambia nisiangalie sura ya King, niangalie mikono. Mkono wa kushoto ukitangulia, bonyeza ngumi ya kushoto, mraba. Ukitangulia wa kulia, pembetatu. Ikija yote miwili, bonyeza zote mbili. Nafasi ni ndogo sana, chini ya nusu sekunde, na ukishaingia kwenye ile minyororo yake, kila mkamato una jibu lake.

Nilikaa kwenye benchi lile saa nzima nikibonyeza gotini, bila pedi. Kushoto, kulia, yote. Vijana walinipita foleni, sikujali. Kisha nikalipa, nikamchukua Paul, nikakaa.

Alinifunga raundi mbili bila. Lakini katika ile ya pili alinirushia mkono wa kushoto nikatoka. Akarusha yote miwili, nikatoka tena. Aligeuka akanitazama, akasema, "Haya sasa," akasogea kwenye benchi kunipa nafasi nikae vizuri.

Ubao tuliufuta jioni ile. Mwenye kibanda aliuacha mtupu mpaka alipohama, barabara ilipoanza kupanuliwa kwa ajili ya mwendokasi. Konda sikumwona tena baada ya hapo. Kama yupo humu, au kuna aliyefanya kazi njia ya Ubungo–Kariakoo miaka ile na anamkumbuka konda aliyekuwa anacheza King, naomba aniandikie hapahapa.