Mbuzi kaandikwa jina la mama, anayeuza ni baba. Tufanyeje?

mlima_kasese: Habari zenu wakubwa. Niko kwenye mradi wa familia maskini kabisa huku Kasese, Uganda, ule mtindo ulioanzishwa na shirika la BRAC kule Bangladesh 2002: wanapewa mbuzi, posho kidogo mwanzoni ili wasile mtaji, mafunzo, kikundi cha akiba, halafu mimi nawapitia nyumbani. Mradi unataka mwanamke ndio aandikwe, sawa, tumewaandika. Lakini mbuzi akinenepa tu mzee anatokea na mnunuzi, mama anaambiwa afungue kamba. Na mimi kwenye fomu naweka tiki kwamba mwanamke amefikiwa. Nifanye nini bila kuvunja nyumba za watu?

nyanya_busia: Kuandika jina ni rahisi ndio maana kila mradi unaanzia hapo na kuishia hapo. Angalia hata PDM, ule mpango wa serikali wa mikopo ya maendeleo kwa kila parishi, wanawake wametengewa asilimia 30, vijana 30, wenye ulemavu 10, wazee 10, safi kabisa kwenye karatasi, lakini mkopo wenyewe ni shilingi milioni moja kwa familia nzima, sasa ndani ya nyumba nani anaamua inunue nini? Huku kwetu nimeshaona mama anatoka kuchukua pesa, mume yuko nje juu ya boda, injini inanguruma 😅

boda_mbale: Dada usituchome wote. Mke wangu anaitwa mkutano kila wiki, mimi hakuna hata aliyenisalimia, nasikia tu "mradi wa wanawake". Zizi nimejenga mimi, majani nakata mimi. Akiumwa mtoto nisiuze? Tuiteni na sisi, na sio siku ya kupiga picha tu.

mama_bwera: Boda ana pointi ila asijifiche nyuma ya mtoto, wengi wanauza kwa ajili ya pombe, waragi, tunajua. @mlima_kasese si uko karibu na Bukonzo Joint, wale wa ushirika wa kahawa? Wametumia sana GALS, njia ya mke na mume kupanga mambo ya nyumba kwa michoro, mnachora, hata asiyejua kusoma anachora. Mke na mume wanakaa na karatasi moja, wanachora mti. Mizizi ni kazi, ya mke upande mmoja ya mume upande mwingine, juu kwenye matawi ndio matumizi, ya nyumba na ya kila mtu peke yake. Mzee mwenyewe anashika kalamu. Akiona mizizi ya mama imejaa maji, kuni, kupalilia, kuchuma kahawa, halafu tawi lake yeye mzee lina chupa tu, hapo huna haja ya kuhubiri. Ila usiwaanike mbele ya kijiji, wachore kwao kwanza.

nyanya_busia: Na hiyo mizizi mwangalie vizuri kabla ya kuongeza mbuzi. Mama anabeba jerikeni, analima, ana mtoto mgongoni, nyie mnamwongezea mafunzo ya saa nne asubuhi. Akikosa mnaandika "hana bidii".

boda_mbale: Shamba la familia siwezi kuuza mpaka mke akubali, iko kwenye Sheria ya Ardhi. Mbuzi hamna sheria. Si kikundi chenyewe kiweke yake, mbuzi wa mradi hauzwi mpaka wote wawili wafike kwa mwenyekiti?

mlima_kasese: Hiyo naipeleka kwenye kikundi. @mama_bwera huo mti, mwenye wake wawili anachora mmoja ama miwili?

mama_bwera: Miwili. Halafu mwachie mzee dakika kumi aangalie mizizi yake kwenye yote 😂