Kufungulia boneti ya Mini ya zamani kutoka ndani: seti ya dukani, vipuri vya miaka ya 1990, kebo ya kujiundia au mota?

MiniYaBrum (Birmingham)
Habari zenu wapendwa. Nina Mini ya 1969, ile gari ndogo ya asili, iliyotoka kiwanda cha Longbridge hapa hapa mjini. Boneti yake haina kivuta cha ndani. Unapenyeza kidole juu ya grili, unasukuma komeo, unanyanyua ndoano ya usalama, imefunguka. Anayefanya hivyo si lazima awe mimi. Solenoidi ya stata, yaani swichi inayopeleka umeme kwenye mota ya kuwashia injini, ni ile ya zamani yenye kitufe cha mpira: ukikibonyeza, injini inazungushwa hata kama ufunguo uko mfukoni kwangu. Mtu akipeleka umeme kwenye koili, inayozalisha umeme wa plagi, kwa kipande cha waya, inawaka. Usukani nao hauna loki.

Nataka kivuta kikae ndani. Naona njia nne: seti mpya inayouzwa na maduka ya spea za Mini, vipuri vya Mini za miaka ya 1990, zilizokuja na kivuta cha ndani, kebo ya kuunda mwenyewe, au mota ya senta loki (ile inayofunga milango ya gari kwa umeme) yenye swichi iliyofichwa. Hapa Uingereza gari la umri huu halilazimiki tena kwenda ukaguzi wa kila mwaka, kwa hiyo hakuna mkaguzi atakayenishtua nikifunga vibaya. Nisaidieni kuchagua.

Fundi_Gerezani (Dar es Salaam)
Kaka, kabla ya yote: kebo ikikatika utafunguaje? Hapa gereji Vitz na Starlet zinaletwa kwa tatizo hilo hilo. Mwenye gari kavuta, kivuta kimemjia mkononi, boneti haifunguki na redieta inataka maji. Tunaishia kulala chini ya gari na chuma kirefu tukipapasa komeo. Mini yako leo unaifungua kwa kidole. Ukishafunga kebo na kuziba ile nafasi ya kidole, njia hiyo imekwisha.

Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua, weka waya wa pili wa dharura. Ufunge kwenye mkono uleule wa komeo, uteremshe nyuma ya bampa, mwisho wake uukunje mahali panapofikiwa na mtu aliyelala chini tu. Usiupitishe pamoja na kebo kuu, maana kitakachokata moja kitakata na nyingine.

Kirinyaga_Rd (Nairobi)
Mimi nasimama na kebo ya kujiundia. Wengi hutumia waya wa breki ya baiskeli na unafanya kazi, ila ni mwembamba. Chukua kebo ya klachi ya pikipiki, siku hizi kila mtaa unazo kwa sababu ya bodaboda, na kivuta cha choki kutoka gari lililokufa.

Wanaoshindwa hawashindwi kwa sababu ya waya, wanashindwa kwa sababu ya ganda, ule mrija wa nje ambao waya unapita ndani yake. Ganda lazima libanwe imara ncha zote mbili, upande wa kivuta na upande wa komeo. Lisipobanwa, ukivuta linajikunja lenyewe na komeo halisogei. Halafu kona: pinda kwa duara pana. Kila kona kali inaongeza msuguano, na kebo inaanza kuchanika nyuzi hapo hapo. Kumbuka pia ekzosi ya Mini inatokea nyuma ya injini, upande wa dashibodi. Kebo ikipita karibu na manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, plastiki ya ganda itayeyuka. Ishikize kwenye ukingo wa ndani wa mbawa (bodi iliyo juu ya gurudumu la mbele) mpaka ifike nyuma, ndipo iingie ndani.

AbuSaid_Muscat
Ndugu zangu, mmesahau jambo. Kivuta chini ya dashibodi kinaonekana. Mwizi akivunja kioo cha dirisha ameshakiona. Mota ya senta loki ikiwa na swichi iliyofichwa, hajui pa kuanzia. Na wale watakaosema betri ikifa boneti haifunguki, kwenye Mini betri iko kwenye buti. Unafungua buti kwa ufunguo, unaunga chaja, unafungua boneti.

Mwanahawa_Msa (Mombasa)
Abu Said, hilo la betri ni kweli, nakubaliana nawe. Lakini fyuzi ikiungua au waya wa mota ukioza kutu, chaja haikusaidii. Na mota zile zimeundwa kuvuta kiloki chepesi cha mlango, na mlango unazikinga na mvua. Komeo la Mini lina springi ngumu, tena mpira wa boneti ukiwa mpya unasukuma juu na komeo linakaza zaidi. Halafu pale mbele ndipo maji yanapoingia. Distribyuta ya Mini, inayogawa umeme kwa plagi, inatazama grili, na kila aliyeendesha moja masika anajua injini inavyokohoa. Mota ukiiweka mahali hapo hapo, na huku kwetu pwani kuna chumvi juu yake, haitadumu.

MiniYaBrum, kwako wewe uliye Birmingham, mimi ningenunua seti mpya. Vipuri vya miaka ya 1990 ni vizuri, lakini kebo iliyotumika huijui ndani imeliwa kiasi gani, na inakubidi kwanza uhakikishe kipande cha mbele cha gari yako kinapokea komeo lile bila kukatwa. Mimi nisingekata chuma cha Mini ya 1969. Komeo la zamani livue kwa boliti zake, lihifadhi.

Mawili zaidi. Ndoano ya usalama iache ifanye kazi kwa mkono pale mbele. Usiifunge kwenye kebo hata mtu akikushauri. Boneti ya Mini ina bawaba nyuma, ikiachia barabarani upepo unaibamiza kwenye kioo. Ndoano ndiyo inayokuokoa siku kebo ikivutwa kwa bahati mbaya na goti la abiria. Pili, kama grili yako inashikiliwa na vile vifungo vya kuzungusha kwa mkono, rudisha skrubu za kawaida. Grili ikitoka kwa vidole, komeo liko wazi mbele ya mwizi na kebo yako haina maana.

MiniYaBrum (Birmingham)
Grili yangu ina vifungo hivyo kweli, nabadilisha wiki hii. Nachukua seti mpya, na waya wa Fundi wa dharura. Dada Mwanahawa, niingizie wapi kebo ndani? Sipendi kutoboa.

Mwanahawa_Msa (Mombasa)
Usitoboe. Tafuta tundu lenye mpira linalopitisha nyaya au kebo ya spidomita, toboa ule mpira tu, kebo ibane. Grisi kidogo kwenye mpira inaisaidia kupenya.

Fundi_Gerezani (Dar es Salaam)
Na usifunge boneti bado. Ikiwa wazi, chukua bisibisi nene, sukumia shina lake kwenye komeo mpaka libane, kama vile boneti imeshuka. Ingia ndani, vuta kivuta. Bisibisi ikiachiwa, rudia kwa waya wa dharura. Angalia pia kebo ina ulegevu kidogo kivuta kikiwa kimepumzika, maana ikikazwa sana komeo halibani hadi mwisho. Bisibisi ikitoka kila mara kwa nyaya zote mbili, ndipo ushushe boneti.