Mrejesho: BC547 au 2N3819 kwa piezo ya gitaa

Wakuu, niliuliza ipi inakuza zaidi sauti ya piezo (kihisi cha mtetemo wa gitaa) kati ya transista hizi mbili, BC547 ya kawaida na 2N3819 ambayo ni FET (transista inayoongozwa na volti), na mbona FET haina hFE (mkondo unaotoka ukigawanywa kwa unaoingia). Asanteni mlioniambia nilinganishe transkondaktansi (mkondo unaotoka kwa kila volti inayoingia): geti, mguu wa kuingizia wa FET, haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo hakuna cha kugawanyia.

Nimezipa zote miliampea 1, rizista ya kiloomu 4.7, betri ya volti 9. BC547, emita (mguu wake wa upande wa graundi) ikiwa na kapasita kwenda graundi, hutoa kama miliampea 40 kwa kila volti, yaani inakuza mara 180 hivi. 2N3819 haikufika hata mara 10. Nusura niirudishe kwenye boksi.

Ila nilipounga piezo mambo yakageuka. Bezi (mguu wa kuingizia wa BC547) ina ukinzani wa kiloomu chache tu, besi yote ikapotea, na nikipiga kwa nguvu sauti inakwaruza, maana BC547 huvumilia milivolti chache tu. Kwenye geti, na rizista ya megaomu 1, kamba nene zinasikika safi.

Sasa FET iko mbele, BC547 inafuata bila kapasita ya emita, ili isikwaruze upesi. Angalizo: Idss (mkondo ambao FET hupitisha geti na sosi zikiwa na volti sawa) ya 2N3819 ni kati ya miliampea 2 na 20, kwa hiyo rizista ya sosi (mguu wa FET wa upande wa graundi) utaichagua kwa kila kipande.