Tupeane uzoefu: intavyu ya uraia wa Marekani kwa tuliooa au kuolewa na raia

mama_Nasra (Columbus, Ohio)
Asalaam aleykum na habari zenu, ndugu zangu. Mume wangu ni raia, mimi nina kadi ya kijani, na miaka yangu mitatu ya kuruhusiwa kuomba uraia kupitia ndoa, badala ya mitano ya kawaida, inakaribia kutimia. Maswali ya historia nayasoma, hayanipi presha. Kinachonikosesha usingizi ni afisa: ataichimbaje ndoa yangu? Nibebe karatasi zipi? Mliopita njia hii shusheni, hata kama yaliwakuta mabaya.

NesiWaMinnesota
Hongera dada. Mimi ni Mkenya, nimeapa majuzi. Afisa alikuja kuniita sebuleni, tukawa tunatembea kwenye korido huku ananiuliza kama nimeendesha mwenyewe na theluji ilikuwaje njiani. Nikajua ni stori za kupitisha muda. Kumbe Kiingereza cha kuongea wanakipima hivyo hivyo, kwa jinsi unavyojibu toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna karatasi ya mtihani wa kuongea.

Ukiingia chumbani unanyoosha mkono wa kulia, unaapa kusema kweli. Kisha kusoma na kuandika: unapewa sentensi hadi tatu za kusoma, ukiipatia moja imetosha, na kuandika vilevile. Mimi nilifanyia kwenye tableti. Ile kalamu yake inateleza kwenye kioo, mwandiko wangu ukatoka kama wa mtoto wa chekechea, lakini hakujali, aliangalia tu kama maneno yanasomeka.

Sasa sikiliza hapa. Mimi nilituma fomu kabla ya Oktoba 20, 2025, kwa hiyo nilifanya mtihani wa zamani wa historia na serikali: maswali 100 ya kujisomea nyumbani, unaulizwa mpaka 10, ukipata 6 umepita. Anayetuma sasa ni mtihani mpya: maswali 128, unaulizwa mpaka 20, lazima upate 12. Zile PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp nyingi ni za zamani. Chukua ya USCIS wenyewe, idara ya uhamiaji inayotoa uraia, ni bure na ina sauti, unaweka kwenye gari unasikiliza ukienda kazini.

Kilichochukua muda zaidi ni fomu yenyewe ya kuomba uraia, N-400. Anaipitia swali kwa swali. Umewahi kupiga kura Marekani? Umewahi kumwambia mtu kwamba wewe ni raia? Umewahi kutesa mtu? Sisi tumezoea kuitikia "yes" kwa heshima hata kama hatujasikia vizuri. Usifanye hivyo hapo. Mwambie arudie, au akuulize kwa maneno mengine, inaruhusiwa.

mama_Nasra
Asante dada. Na mume alikuwepo?

NesiWaMinnesota
Alibaki kazini. Si lazima aje. Isipokuwa kama ulipewa kadi ya miaka miwili na ile fomu yako I-751, ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, bado haijajibiwa, hapo wanaweza kuunganisha yote mawili siku moja, na hapo aje.

DerevaWaMasafa (Dallas)
Mimi bwana historia waliigusa tu, ndoa ndiyo waliyoichimba. Naendesha lori la masafa marefu, na afisa alishaona kazi yangu kwenye fomu. "Kwa mwezi unalala nyumbani mara ngapi?" Nikamweleza ratiba yangu ilivyo. Sheria ya miaka mitatu haitaki cheti cha ndoa peke yake, inataka muwe mmeishi pamoja kama mke na mume miaka yote hiyo mitatu kabla ya kutuma. Safari ya kazi si kutengana, ila lazima ionekane kwamba nyumbani kwako ni pale.

Nilimpa mkataba wa nyumba wenye majina yetu wawili, bima ya gari, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na taarifa za benki. Alizichukua za benki akazisoma kweli, akafungua kurasa za katikati. Akaona Walmart, umeme, ada ya daycare, mafuta ya dizeli ninayonunua njiani, mshahara wa mke unaingia humo humo. Ile akaunti ya pamoja ambayo watu wanaifungua wiki mbili kabla, wanaweka dola mia, haifiki popote.

Kingine ni kodi. Rafiki yangu alikwenda kwa mtu wa kujaza kodi mtaani kwetu, akamwandika kama mkuu wa kaya asiye na mwenza, ili arudishiwe hela nyingi. Hela alirudishiwa. Siku ya intavyu afisa akaweka karatasi ya IRS, wale watu wa kodi wa serikali, mezani: hapa unasema huna mke wa kuishi naye, kwenye fomu unasema mnaishi pamoja, tushike lipi? Ilibidi arekebishe kodi ya nyuma, alipe tofauti, na kesi ikakaa kiporo mpaka alipopeleka ushahidi. Mama Nasra, kaombe IRS wenyewe nakala za kodi za miaka mitatu, uzisome KABLA ya afisa.

Shangazi_wa_Tanga
Mwanangu mama Nasra, huyo mume alishawahi kuoa kabla yako? Nauliza kwa sababu hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kila ndoa iliyovunjika, yako na yake, inatakiwa karatasi.

Mimi niliolewa Tanga nikiwa binti mdogo, tukaachana. Shehe alituandikia talaka na kijijini kila mtu anajua. Lakini kwa Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka talaka ipite mahakamani, karatasi ya shehe peke yake haitoshi. Bahati marehemu kaka yangu alikuwa mtu wa makaratasi, alinisukuma kwenda mahakamani zamani hizo, nikamwona msumbufu. Afisa alipouliza, hukumu ilikuwepo.

Ilikuwa ya Kiswahili, basi lazima itafsiriwe neno kwa neno, na mtafsiri aandike chini kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, atie sahihi, jina na tarehe. Haihitaji wakili. Nilifanyiwa na kijana mwalimu tunayeswali naye. Ila asikutafsirie mumeo.

Za mume wangu nilizifuata mahakama ya kaunti alikoachana na mkewe wa kwanza. Yeye mwenyewe hakujua anazo wapi! Wanaume jamani.

mama_Nasra
Shikamoo shangazi. Alishaoa, ndiyo. Leo leo namuuliza.

MwanaUvira (Louisville)
Jambo wandugu. Miye na bibi yangu tulifika pamoja kama wakimbizi. Miye niliapa kwanza. Watu wa kanisa wakamwambia bibi: una bwana raia, omba kwa miaka mitatu. Tulipohesabu vizuri tukaona hapana. Hiyo miaka mitatu, bwana anapaswa kuwa raia YOTE mitatu, inahesabiwa toka siku aliapa. Miaka ya kabla ya kiapo chake haihesabiwe, hata kama ndoa ni ya miaka makumi. Na kwa mkimbizi, miaka mitano inarudishwa nyuma mpaka siku uliingia Marekani. Kwa hiyo ya mitano ilifika mbio kuliko ya mitatu. Aliomba kwa hiyo, na habari ya ndoa hawakumsumbua nayo sana.

Kiokote
Naungana na MwanaUvira, na ningeenda mbali zaidi: kama una subira, ngoja mitano. Njia ya mitatu inaning'inia kwenye ndoa mpaka dakika ya kiapo. Binamu yangu alifiwa na mume baada ya kufaulu intavyu, akiwa anasubiri barua ya kiapo. Njia ile ikafungwa palepale. Msiba juu ya msiba. Na ada hairudi, ni dola 710 mtandaoni, 760 kwa karatasi.

NesiWaMinnesota
Kiokote, pole kwa familia. Lakini kila mtu na hesabu zake. Mamangu ni mzee na yuko Kisii peke yake. Raia anaweza kumwombea mzazi bila foleni ya miaka, mwenye kadi ya kijani hawezi kumwombea mzazi kabisa. Miaka miwili kwa mzee ni mingi.

mama_Nasra
Mmenifungua macho. Swali la mwisho: uraia wangu wa Tanzania ndiyo basi?

Shangazi_wa_Tanga
Ndiyo basi, mwanangu. Wakenya wenzetu wanaruhusiwa tangu Katiba yao ya 2010, sisi mtu mzima akichukua wa nchi nyingine wa kwetu unakwisha. Kuna hadhi maalumu ya diaspora serikali imeileta, isome mwenyewe usisimuliwe. Kama una kiwanja kwa jina lako, tafuta mwanasheria huko nyumbani akushauri kabla hujaapa. Baada ya hapo, kama huna hadhi hiyo, ardhi unaiendea kama mgeni.

DerevaWaMasafa
Na siku yenyewe uzime simu, usiiweke kwenye mtetemo. Yangu ililia katikati ya swali la Katiba. Alikuwa mke wangu, anauliza nimemaliza. Afisa akasema, huo nao ni ushahidi.