Insha ya askari wa zamani: mtoto aanzie wapi?

Wandugu wa Bukavu, chama cha askari wa zamani kimeomba wanafunzi waandike insha juu ya kupenda nchi. Binti yangu amejaza ukurasa mzima "tupende nchi yetu", lakini ndani hamna hata mtu mmoja. Nimsaidie namna gani?

— Mama, aachane na bendera kwanza. Babu yangu wa Force Publique, jeshi la Kongo enzi za Wabelgiji, alifika Saio, Ethiopia, 1941. Alituachia sahani ya bati, jina lake kalichonga kwa msumari. Bibi aliipimia maharage! Atafute kitu kama hicho.

— Na wapagazi? Tabora ilitekwa na jeshi hilohilo Septemba 1916, mizigo ikiwa vichwani mwao. Medali nani aliwapa?

— Asanteni. Kesho anapanda Kadutu kumuuliza mzee mmoja, daftari mkononi.