Naomba ushauri: nataka kubobea kwenye sheria na teknolojia

Habari zenu wakuu. Mimi ni wakili, huu mwaka wa tatu, kesi zangu nyingi ni za ardhi na mirathi. Majuzi alinijia mama ntilie analia: wakopeshaji wa mtandaoni wamewatumia watu wote waliomo kwenye simu yake ujumbe kwamba ni mdaiwa sugu, hadi wakwe zake. Nikafungua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nikasoma mpaka saa nane usiku. Tangu hapo moyo umehamia huku.

Nianze na shahada ya uzamili, au nijifunze kwanza usalama wa mifumo ya kompyuta? Ada ninayo ya kimoja tu. Na mliomo kwenye fani hii, wateja mnawapata wapi?