Tupeane uzoefu: video za X, wewe mtu mzima unaziangalia lini na unatafuta nini?

Mkata Mbao
Kamwene wakuu. Wa chini ya miaka 18 apite, na hakuna kutupia klipu wala linki humu.

Naanza mimi. Mwaka juzi nilipata kazi ya kupasua mbao Sao Hill, familia nikaiacha Uyole. Mwezi wa 7 baridi ya kule haina adabu, saa moja jioni kila mtu keshajifunika blanketi mbili. Mtandao wa kuotea, basi kijana mmoja kambini alikuwa na memori kadi yake. Ilizunguka kama kiberiti. Nikajiambia ni kwa sababu nimemmisi mke. Haya, nikaenda likizo, mke yuko kitandani, nami saa nane usiku niko chooni nimejifungia, ndala miguuni, nimepunguza mwanga wa simu. Hapo ndipo nikajua kumbe si nyege. Nilikuwa silali bila hiyo, kama wale wasiolala bila redio.

Sijaacha. Karibuni.

Dereva wa Tunduma
Hilo la usingizi nimelielewa sana mkuu. Foleni ya mpakani inaweza kukulaza siku tatu. Umeshapiga simu nyumbani, drafti umeshafungwa, kinachobaki ni simu na bando la usiku. Wenzangu wanashuka kutafuta wa kulala naye. Mimi kila safari nakatiza Makambako, mkoa wa Njombe, unaoongoza nchini kwa VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022/23. Bora bando liishe. Aibu sina.

Mama Parachichi
Mnaongea kama humu mko wanaume watupu. Mimi niko Tukuyu, ndoa ina miaka 11, na ninaangalia. Kwenye kitchen party yangu somo alinifundisha kupika, kukanda mgongo na kunyamaza. Kwamba na mimi natakiwa niridhike, hakugusia.

Siku ya kwanza tumeangalia na mume wangu tuliishia kucheka, yule mwanaume alikuwa na soksi mwanzo mwisho! Ufundi hatukupata, yale ni maigizo, yanakatwa na kuungwa, na ukijipima nayo utaumia bure. Tulichopata ni maneno. Miaka yote sikuwahi kumwambia "hiyo sipendi". Siku hiyo nilinyoosha kidole kwenye skrini nikasema, "ile pale, na wewe unaifanya, siipendi." Alinyamaza hadi chai ya asubuhi. Hajairudia.

Mtumishi
Uzi huu ufungwe. Ni uchafu.

Mkata Mbao
Mtumishi, lakini umesoma hadi hapa.

Mzee wa Kihesa
Nyie mnajificha chooni. Miaka ya 90 hapa Iringa tulikuwa tunaenda banda la video. Saa nne usiku picha ya ngumi ikiisha, mwenye banda anaziba madirisha kwa magunia, kiingilio kinalipwa upya, kanda inabadilishwa. Usiku mmoja umeme ukakatika, mtu akawasha kiberiti. Benchi la mbele yangu, baba mkwe. Hadi tunamzika hatukuwahi kulitaja.

Nesi wa Zamu
Kiberiti, hahaha! Nirudi kwa Mkata Mbao. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022 limeweka tatizo la tabia ya ngono isiyozuilika. Linapimwa kwa kushindwa kujizuia kwa muda mrefu, miezi sita au zaidi, huku kazi, afya au nyumba vinaharibika. Kuona aibu au kujihisi mwenye dhambi peke yake hakutoshi kukuita mgonjwa. Umewahi kukosa kazi kwa ajili yake?

Binti wa Mwanjelwa
Mimi siangalii tena. Ex wangu alirusha yetu, watu wakaomba "koneksheni", yaani watumiwe hiyo video, kama wanaomba chumvi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema anayesambaza video za ngono ni faini isiyopungua milioni 20, au jela isiyopungua miaka 7, au vyote viwili. Nilipoenda kushtaki, wa kwanza kunihudumia aliomba aione kwanza.

Dereva wa Tunduma
Pole sana dada. Kuna moja ya hivyo kwenye simu yangu. Nimeifuta sasa hivi.

Mkata Mbao
Nesi, kazi sijakosa. Jana nimemwambia mke. Kumbe bawaba ya choo inalia, miezi yote alijua natoka, akadhani naongea na mwanamke. Akauliza tu, "Za namna gani?" Nikakosa la kujibu. Mama Parachichi, ninyi mlianzaje kuanza?